UZI: Milima ya Tian Shan na kundi la kulipia, kutoka Jeti-Oguz mpaka Altyn Arashan, kwa jicho la mgumu wa zamani wa Kilimanjaro

Mgumu Mstaafu:
Wakuu, salaam.

Humu kuna nyuzi za Kilimanjaro, Meru, Lenana ya Mlima Kenya, hata Nepal zipo. Asia ya Kati sijaona aliyeigusa, kwa hiyo nashusha. Ni Kirgizistani, upande wa mashariki, milima iliyo juu ya mji wa Karakol. Nilienda na kundi: kiongozi, mpishi, mchunga farasi na farasi zake, na sisi wageni mchanganyiko wa Ulaya na Ghuba. Karibu wiki nzima milimani.

Kwa wasionijua, kabla ya kuja huku Dubai nilikuwa mgumu, yaani mbebaji wa mizigo ya wageni Kilimanjaro. Machame ndiyo ilikuwa njia yangu, Lemosho mara mojamoja. Nimebeba meza, mitungi ya gesi, na choo cha wageni nimekibeba sana. Kwa hiyo msitegemee niandike kama mtalii. Nikifika kambini macho yanaanza kuangalia nani kabeba nini na atalala wapi, mandhari yanafuata baadaye.

Kwanza mjue ni wapi. Kirgizistani imepakana na Uchina, Kazakhstan, Uzbekistan na Tajikistan. Ilikuwa ndani ya Umoja wa Kisovyeti mpaka 1991. Sehemu kubwa ya nchi ni milima tu. Kuna ziwa kubwa linaitwa Issyk-Kul, urefu wake kama kilomita 180, kina kinafika mita 668, na liko mita 1,600 na kitu juu ya usawa wa bahari. Baridi ya huko ni ya kuua, lakini ziwa lenyewe haligandi, maji yake yana chumvi kidogo. Kusini mwa ziwa kuna safu inaitwa Terskey Ala-Too. Ndiko tulikotembea.

Kutoka Dubai kuna ndege za moja kwa moja mpaka Bishkek, mji mkuu. Kutoka Bishkek mpaka Karakol ni kama kilomita 400 kwa barabara, unakula vumbi na kona kandokando ya ziwa siku nzima. Usafiri wa wananchi ni vigari vinaitwa marshrutka. Abiria wanajazana, dereva anaondoka akijisikia. Aliyepanda Hiace ya Moshi–Arusha hatashangaa chochote.

Naendelea, nipeni muda.

Kijana wa Nanyuki:
Naweka kiti mbele kabisa. Mimi nimefika Lenana kupitia Sirimon, kwa hiyo swali langu ni moja tu: huko juu ni juu kiasi gani? Tusije tukasifiwa vilima hapa.

Mgumu Mstaafu:
Kaka, ukihesabu mita utanicheka. Kipito, yaani pengo la kuvukia kati ya vilele, cha juu kabisa tulichovuka kinaitwa Ala-Kul, ni kama mita 3,900. Lenana yako ni 4,985. Kambi ya Horombo tu pale Kilimanjaro, ambapo wageni wa njia ya Marangu wanakunywa chai na bisi, ni 3,720. Kwa hesabu hiyo sisi hatukufika popote.

Lakini mita zinadanganya. Kilimanjaro ni mlima wenye barabara ya watu. Kuna geti, mizani, kambi zenye majina kwenye vibao, askari wa hifadhi, na ukizidiwa kambi ya Barafu kuna machela ya tairi moja inakushusha usiku huohuo. Helikopta nayo ipo kwa mwenye bima. Kule Terskey ukishaacha barabara, msaada wa kwanza ni farasi. Wa pili ni farasi mwingine.

Na ile milima haina subira. Julai 2022 kwenye safu hiyohiyo, bonde la Juuku, magharibi kidogo ya tulikopita sisi, kundi la Waingereza tisa na Mmarekani mmoja lilikuwa linatembea na kiongozi wao, kipande cha barafuto, ule mto wa barafu wa mlimani, kikavunjika juu yao. Video ilizunguka dunia nzima, wengi mliiona bila kujua ni wapi. Unaona wingu jeupe linakuja mpaka linamfunika anayerekodi. Wote walitoka hai. Ilikuwa mita 3,000 na kitu tu, wala si kilele cha kutisha.

Warefu wenyewe wapo mashariki zaidi, mpakani na Uchina: Jengish Chokusu, mita 7,439, ambao Warusi waliuita Pobeda, na Khan Tengri unaogusa elfu saba. Huko ni kazi ya watu wa kamba na shoka za barafu. Mimi sikwenda na sina mpango.

Shangazi wa Tanga:
Mgumu, samahani mwanangu, mshahara wa ulinzi Dubai unatosha kwenda kutalii milimani? Au kuna kitu hutuambii?

Mgumu Mstaafu:
Shikamoo shangazi. Hahaha. Mimi siko ulinzi, niko hotelini, idara ya chakula. Kuhusu hela, sitaweka bei kwa sababu zinabadilika kila msimu, ila jua hivi: Kilimanjaro mgeni anakamuliwa ada za hifadhi na kambi kwa kila siku anayokaa mlimani, na hapo hujamlipa mtu aliyebeba hema lako. Kule ada ya kuingia bonde la Karakol ni ya kawaida sana, na farasi mmoja anafanya kazi ya wagumu kadhaa. Kwa hiyo gharama inashuka. Nilijichanga, nikaunganisha na likizo ambayo wenzangu walikwenda nayo Zanzibar.

Sasa njia yenyewe.

Tulianzia Jeti-Oguz. Kuna majabali mekundu yamejipanga barabarani, Wakirgizi wanayaita mafahali saba. Watu wa mjini wanakuja hapo kupiga picha za harusi. Ukiyapita unapanda na mto mpaka uwanda wa Kok-Jaiyk. Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza jailoo, malisho ya kiangazi. Familia nzima inahama kutoka kijijini na kondoo, farasi na watoto, inasimika boz üy, lile hema la duara la sufi, na inakaa hapo mpaka baridi iwafukuze. Duara la mbao lililo juu ya paa, ambalo moshi unatokea, ndilo lile lililo kwenye bendera ya nchi yao katikati ya jua.

Mama mwenye hema alitukaribisha. Hatukuwa kwenye mpango wake hata kidogo, alituona tunapita tu. Akaweka kitambaa chini, mkate, siagi, jemu, na boorsok. Wakuu, boorsok ni maandazi. Hakuna namna nyingine ya kusema. Madogo, hayana iliki, lakini ukifumba macho uko Tanga kwenye chai ya saa mbili. Nilikula mpaka kiongozi akaanza kuangalia saa.

Mwana Muscat:
Mkuu, hapo kwenye chakula usipite haraka. Hao ni Waislamu, sawa. Lakini nasikia wanakula farasi na kunywa maziwa ya farasi yaliyochacha. Ulifanyaje?

Mgumu Mstaafu:
Nilikula, nilionja, na nilikataa. Kwa mpangilio huo.

Farasi nilikula. Wanatengeneza soseji nene inaitwa kazy, mafuta mengi, inakatwa vipande vya duara. Ni chakula cha heshima, cha sherehe, si cha kila siku. Kurut nilionja, ni vidonge vya maziwa mgando vilivyokaushwa na chumvi, vigumu kama kokoto. Unaweka kimoja shavuni unapanda nacho mlima saa nzima. Kuna siku nilivihitaji kuliko chokoleti zote nilizobeba. Kymyz, yale maziwa ya farasi jike, nilikataa kwa adabu, nikaweka mkono kifuani, mzee wa pale akacheka akanywa ya kwangu. Kichachu hicho kina kileo kidogo, kila mtu ajihukumu mwenyewe.

Mwana Muscat:
Nyama ya farasi kwa madhehebu ya Shafii ni halali, babu zetu walikuwa hawana tatizo nayo kwenye vitabu. Ajabu ni kwamba Wakirgizi ni Hanafi, na Imamu Abu Hanifa ndiye aliyeichukia! Kwa hiyo wewe ulikuwa salama kuliko mwenyeji wako.

Mgumu Mstaafu:
Ningelijua hilo ningeongeza sahani.

Tuendelee. Kutoka Kok-Jaiyk unapanda bonde la Teleti, msitu wa misprusi unaisha, inabaki mireteni ya kutambaa chini na majani mafupi, na kila baada ya hatua chache wanyama wanene wa jamii ya kindi, wanaitwa mamoti, wanapiga mluzi kuambiana kuwa mmefika. Kipito cha Teleti ni kama mita 3,800. Farasi wanavuka. Siku ya kupanda kipito tuliamshwa gizani.

Hapa nataka nimzungumzie kiongozi wetu. Binti wa Karakol, mwanafunzi wa chuo, kiangazi anafanya kazi hii. Mdogo kuliko sisi wote. Kundi lilikuwa na vijana wawili wenye miguu mirefu na saa za kupima mapigo ya moyo, na lilikuwa na baba mmoja mstaafu aliyekuwa anapumua kwa shida tangu mwanzo. Siku ya kwanza wale vijana walikimbia, wakatungoja juu wakiwa wamepoa, sisi tukafika tumelowa jasho, wao wakasimama papo hapo kuendelea. Aliye nyuma hapati mapumziko hata mara moja. Kila mgumu anaujua mtindo huo na anauchukia.

Siku ya pili binti hakupiga kelele. Alimwita yule baba akamweka nyuma yake, wa pili kwenye mstari, akaanza kutembea mwendo ambao hata kondoo walitupita. Wale vijana wakabanwa nyuma. Mmoja akauliza kama tunaweza kuongeza mwendo. Akajibu, "Tunaweza, baba akitaka." Basi. Pole pole ya kwetu, bila kuisema. Tulifika juu ya Teleti wote pamoja, mawingu bado hayajapanda, na saa saba mchana mvua ya mawe ilipoanza tulikuwa tumeshateremka kwenye miti.

Nimebeba mizigo nyuma ya viongozi wenye miaka mingi mlimani ambao hawakuwa na akili hiyo.

Fundi Saa:
Mkuu, mito je? Nimesoma mahali kwamba huko watu wanakufa kwenye mito kuliko kwenye miamba.

Mgumu Mstaafu:
Swali zuri. Mito ya huko inatoka kwenye barafu, ina rangi ya saruji, huoni chini. Na ina saa zake. Asubuhi maji ni machache kwa sababu usiku barafu haiyeyuki. Jua likishapiga, kuanzia mchana mpaka jioni, kijito ulichoruka asubuhi kinakufika mapajani. Kwa hiyo kuvuka ni asubuhi, na kama umechelewa unalala upande ulio.

Namna tulivyovuka: mkanda wa kiunoni wa begi unafunguliwa kabla hujatia mguu, ili ukianguka ulivue haraka lisikuzamishe. Viatu haviachwi, maana mawe yanakata. Unaangalia maji yanakotoka, fimbo mbele yako, unasogea kiubavu mguu mmoja mmoja. Mchunga farasi alisimamisha farasi mkubwa upande wa juu wa mto, kifua kikikata maji, sisi tukapita kwenye utulivu wa nyuma yake. Baridi ya maji yale haielezeki. Unatoka, miguu myekundu, hata mimi mweusi niliiona ikibadilika rangi.

Huyo mchunga farasi wote tulimwita baike, kama unavyomwita kaka mkubwa. Mzee wa makamo, kofia ya sufi nyeupe, maneno machache. Nilikaa naye asubuhi anafunga mizigo. Anapima kwa mikono tu: anainua begi la kulia, anainua la kushoto, anatoa mtungi wa gesi huku anaweka kule, mpaka pande mbili zilingane. Halafu anaingiza vidole chini ya tandiko kuona kama kuna jani au kijiti. Kijiti kimoja, alinionesha kwa ishara, kufikia jioni ni kidonda. Alipogundua kwamba najua kufunga fundo la mzigo akaniachia farasi mmoja nimfunge. Akalikagua fundo langu, akalifungua, akalifunga upya kwa namna yake, akanipiga bega. Siku iliyofuata akaliacha.

Shangazi wa Tanga:
Hapo nimecheka. Lakini mwanangu, walikuelewaje? Unajua Kirusi?

Mgumu Mstaafu:
Najua "spasiba" na "rakhmat", shangazi. Salamu ya "salam aleikum" inafungua milango yote, wazee wanashangaa halafu wanakushika mkono kwa mikono miwili. Mengine ni vidole. Watoto walitaka kunigusa nywele na vijana wa Karakol walitaka picha. Sikuona ubaya wowote, ni ugeni tu. Ila ukichoka sema umechoka, wanaelewa.

Sasa sehemu iliyonifanya niandike uzi huu.

Baada ya Teleti unateremkia bonde la Karakol. Hapo farasi wanaishia. Kipito cha Ala-Kul upande wa pili ni ukuta wa kokoto zinazoteleza, farasi mwenye mzigo hapiti. Kwa hiyo baike akateremka na farasi zake mpaka mjini, akazunguka na barabara ya Ak-Suu atukute Altyn Arashan. Na asubuhi ile wakatokea vijana kutoka mjini, wabebaji. Wakuu, moyo ulinidunda. Niliwaona wanavyotembea nikajua kabla hawajashika kitu.

Kwetu siku hizi mzigo anaobebeshwa mgumu mmoja ni kilo 20, unapimwa getini, na ukizidi mtu anaongezwa. Sheria hiyo haikuanguka kutoka mbinguni, watu waliipigania, na hata sasa kuna wajanja wanaoichezea. Kule hakuna mizani. Ni makubaliano ya mdomo kati ya kampuni na kijana. Nikainua begi la mmoja wao, nina mizani mgongoni kwa miaka niliyobeba, lilikuwa limepita 20 na si kidogo. Ndani mlikuwa na sufuria, vyakula, na mabegi ya wageni wawili. Kuna mgeni alikuwa na kompyuta. Mlimani!

Sikufanya vurugu. Nilimwita binti pembeni nikamwambia mimi nilikuwa nafanya kazi hii, huyu dogo akipanda hivi kokoto za juu zitamwangusha. Akaniangalia, akaita kikao. Kila mgeni akatakiwa kutoa visivyo vya lazima, vikapelekwa na gari mjini. Kompyuta ikarudi. Mimi nikabeba hema langu mwenyewe. Wale vijana wenye miguu mirefu, sifa zao hizi hapa, wakachukua sufuria bila kuambiwa mara mbili.

Swali la pili nililomuuliza binti: wanalala wapi? Walikuwa na hema lao, na walikula chakula kilekile tulichokula sisi, uji mzito wa nafaka unaoitwa kasha asubuhi na palov, pilau yao, jioni. Hilo niliridhika nalo. Nawakumbuka wenzangu waliolala kwenye hema la kulia chakula wakingoja wageni wamalize kahawa.

Kijana wa Nanyuki:
Nilidhani hiyo ni shida ya huku kwetu tu. Kumbe mgongo ni mgongo.

Mgumu Mstaafu:
Ni kila mahali. Na historia ya kule ina kitu kama hicho. Mwaka 1916, katikati ya Vita vya Kwanza, mfalme wa Urusi alitoa amri wanaume wa Asia ya Kati wachukuliwe kwenda kufanya kazi nyuma ya jeshi. Watu wakaasi. Jeshi likaja, na Wakirgizi wa maeneo haya ya Issyk-Kul wakakimbia na watoto na mifugo kupitia vipito vya Tian Shan kwenda Uchina, baridi ikawakuta juu. Waliokufa hawana idadi. Wanaiita Ürkün. Binti alitueleza jioni moja, sauti ya kawaida kabisa, na bibi yake mzaa babu ni mmoja wa waliovuka.

Nikamwambia vita hiyohiyo, miaka hiyohiyo, babu zetu walikamatwa Afrika Mashariki kubeba mizigo ya Waingereza na Wajerumani, wakafa kwa kuhara na njaa kuliko kwa risasi, na kwamba soko kubwa la Dar limebeba jina la kikosi chao. Hakuwa amewahi kusikia. Sisi nasi, nani kati yetu alikuwa amesikia Ürkün?

Fundi Saa:
Kariakoo. Dah. Endelea mkuu.

Mgumu Mstaafu:
Kutoka bonde la Karakol unavuka daraja la magogo, unapanda msituni kwa mwinuko mkali mpaka sehemu inaitwa Sirota, kama mita 2,900. Wengi wanalala hapo. Kesho yake unapanda pembeni ya maporomoko, mawe matupu, halafu ghafla ziwa la Ala-Kul liko miguuni pako, mita 3,532. Rangi yake inatokana na unga wa mawe yanayosagwa na barafuto na kubaki unaelea majini. Picha zake mtandaoni mnadhani zimetiwa rangi. Hazijatiwa. Upepo wa pale lakini hauoneshwi na picha, ulitung'olea hema moja tukalikamata karibu na maji. Ilikuwa kiangazi, na asubuhi hema lilikuwa na barafu kwa nje.

Kupanda kipito chenyewe kutoka ziwani si kazi kubwa. Kuteremka ndiyo kazi. Upande wa mashariki ni mchanga na kokoto zilizosimama, ukitia mguu unaondoka na nusu ya mlima. Binti alitupanga. Alishuka wa kwanza, akasimama pembeni, nje ya njia ya mawe, akaita mmojammoja. Hakuna anayeanza mpaka wa mbele yake ametoka pembeni. Mwili wima, kisigino kinazama kwanza, fimbo fupi. Ukiegemea nyuma kwa woga, umekwenda. Yule baba mstaafu aliteremka vizuri kuliko wale vijana, maana hakuwa na haraka ya kumwonesha mtu. Jiwe moja la ukubwa wa kichwa lilichomoka likapita katikati yetu likiruka. Mtu akapiga kelele "jiwe!" kwa lugha yake, na kila mtu alielewa.

Halafu bonde la Keldike, mbigili na mabwawa, mwendo mrefu unaochosha akili, mpaka Altyn Arashan, mita 2,600 hivi. Kuna chemchemi za maji moto. Vibanda vya mbao, ndani bwawa dogo la saruji, harufu ya yai viza. Unalipa kidogo unafunga mlango. Baike alikuwa ameshafika, farasi wanakula majani. Alinicheka nilivyokuwa nachechemea.

Kutoka hapo mpaka kijiji cha Ak-Suu ni barabara ya mawe kando ya mto. Magari yanayoipanda ni UAZ za Kirusi na malori ya jeshi ya zamani. Wengi walipanda gari. Mimi nilitembea na baike na farasi, na sijutii, ingawa binti alisema kichwa changu kibovu.

Bakshishi: kule hakuna kuimbiwa wala kucheza siku ya mwisho. Niliwapa wale wabebaji mkononi, mmojammoja, siyo kwenye bahasha ya kampuni. Wenye kujua wanajua kwa nini.

Binti Ilala:
Mimi ni mwanamke, naweza kwenda peke yangu nikajiunga na kundi? Na ugonjwa wa mwinuko vipi, maana nakaa usawa wa bahari maisha yangu yote.

Mgumu Mstaafu:
Dada, unaweza. Aliye peke yake anapangwa hema na mwanamke mwenzake, au analipia nyongeza alale mwenyewe. Uliza kabla ya kulipa. Choo ni nyuma ya jiwe na koleo dogo, karatasi unarudi nayo. Mimi niliyebeba choo cha watu nililiona hilo kama haki imetendeka.

Mwinuko: uzuri wa njia hii unapanda juu mchana, unalala chini usiku. Ukivuka Teleti 3,800 unakwenda kulala 2,500. Usiku mgumu ni wa ziwani tu, na baadhi ya makundi yanaukwepa kwa kulala Sirota na kuvuka siku moja. Lala usiku mmoja au miwili Karakol kwanza. Kichwa kikiuma, mwambie kiongozi hapohapo, usimeze dawa kimyakimya. Kikizidi, ukitapika au kuyumba, ni kushuka, hakuna mjadala. Dawa za mwinuko muulize daktari wako, mimi nilikuwa mbebaji.

Ukiwa Karakol kula ashlan-fu, tambi baridi za supu ya siki na pilipili. Ni chakula cha Wadungani, Waislamu waliokimbia kutoka Uchina karne ya 19. Msikiti wao wa mbao upo pale mjini, umejengwa kama hekalu la Kichina, wanasema hauna msumari hata mmoja. Mji wenyewe zamani uliitwa Przhevalsk, kwa jina la mvumbuzi wa Kirusi, Przhevalsky, aliyefia hapo 1888, yuleyule aliyepewa jina la wale farasi wa mwituni.

Kijana wa Nanyuki:
Msimu gani? Na magoti yangu si mazuri, yule farasi anabeba mtu?

Mgumu Mstaafu:
Mwisho wa Juni mpaka katikati ya Septemba. Kabla ya hapo vipito vina theluji. Mitungi ya gesi ya kupikia nunua Karakol, haipandi ndege. Viza zipo za kuomba mtandaoni, angalia pasipoti yako inasemaje kwenye tovuti ya serikali yao. Bima iwe inayotaja kutembea milimani kwa mita zake, siyo ile ya kupotelewa begi. Na kabla ya kulipa kampuni yoyote, waulize nani anabeba upande wa Ala-Kul, kilo ngapi, na analala kwenye nini. Wakikujibu haraka na kwa namba, nenda nao. Wakikutumia picha ya ziwa, tafuta wengine.

Farasi anabeba mtu, ndiyo, kwa malipo ya ziada, na Teleti unaweza kuvuka umekaa. Ala-Kul utashuka mwenyewe.